Chakula cha Ubongo Wakati wa Dhiki

Msomaji, katika mwili wako mna kiungo kimoja kisichopumzika hata ulalapo usingizi mzito, nacho ni ubongo. Uzito wake ni kama sehemu mbili tu katika mia za uzito wa mwili wote, lakini hutumia karibu sehemu ishirini katika mia za oksijeni uivutayo. Ni mlaji mkubwa asiye na ghala. Misuli ina akiba yake, ini lina akiba yake, na mafuta yamelala chini ya ngozi yakingoja siku ya haja. Ubongo karibu hauna kitu. Moyo ukisimama, mtu hupoteza fahamu kabla hajahesabu hadi ishirini, na zikipita dakika chache tu, tano au hata pungufu ya hizo, chembe za ubongo huanza kufa. Chembe hizo zikifa hazioti tena kama kucha au nywele.

Kwa sababu hiyo waganga wa leo hujiuliza swali ambalo babu zao wa kazi hawakuwa na haja ya kujiuliza, kwa kuwa zamani moyo uliosimama haukurudi. Swali ni hili: moyo ukisharudishwa, ubongo uliokaa na njaa kwa dakika kadhaa ulishwe nini? Baadhi yao wametoa jibu la kustaajabisha, kwamba ulishwe ketoni. Jibu hili lastaajabisha kwa kuwa kwa miaka mingi, zaidi ya nusu karne, jina la ketoni vitabuni mwa utabibu lilikuwa jina la sumu. Habari ya jinsi sumu ilivyopata kuitwa chakula ndiyo niliyokusudia kukueleza. Njia yake ni ndefu, nayo yapita Prague, Toronto, Boston na Baltimore kabla ya kufika kitandani pa mgonjwa ambaye moyo wake ulisimama.

Tuanze Prague, mwaka wa 1857. Tabibu mmoja jina lake Wilhelm Petters alichunguza mkojo wa mgonjwa wa kisukari aliyekuwa mahututi, akatambua ndani yake asetoni. Kama hujui asetoni, nenda kwa dada anayepaka rangi kucha zake, umwombe akunusishe ile dawa ya kuiondolea rangi hiyo. Nyingi katika dawa hizo zimetengenezwa kwa asetoni, na harufu yake kali yenye utamu kama wa tunda lililoiva mno ndiyo hiyo hiyo inayotoka katika pumzi za mgonjwa wa kisukari akiwa hatarini. Baada ya miaka minane, mwaka wa 1865, Mjerumani Carl Gerhardt alionyesha kuwa mkojo wa wagonjwa wa namna hii ukitiwa kloridi ya chuma hugeuka mwekundu kama divai. Mwaka wa 1874 Adolf Kussmaul akaeleza jinsi wagonjwa hao wanavyopumua kabla ya kufa: pumzi ndefu, nzito, za mfululizo, kama za mtu aliyepanda mlima mbio, ilhali amelala kitandani na mapafu yake hayana ugonjwa wowote. Mpaka leo pumzi hizo zaitwa kwa jina lake. Mwaka wa 1884 wakatokea wataalamu wawili, Oskar Minkowski na Eduard Külz, kila mmoja mahali pake, wakagundua asidi nyingine katika mkojo wa wagonjwa hao, nayo yaitwa asidi ya beta-hidroksibutiriki. Jina ni refu na gumu kutamkwa. Katika insha hii tutaiita tu ketoni kubwa, kwa kuwa ndiyo iliyo nyingi kuliko wenzake. Wenzake ni wawili, ile asetoni ya Petters na asetoasetati, na zote tatu kwa pamoja ndizo ketoni.

Hebu jitie katika nafasi ya waganga wale. Kila walipoikuta ketoni nyingi, mauti yalikuwa mlangoni. Mtoto alikonda ijapokuwa alikula, alikunywa maji asitosheke, kisha pumzi zake zikaanza kunuka tunda, akapumua kwa kina, akazimia, akafa. Wangewezaje kuhukumu vinginevyo? Mtu akikuta moshi kila mahali palipoungua nyumba, ni wepesi kusema kwamba moshi ndio uliowasha moto.

Ukweli wa jambo ulikuwa umefichika zaidi. Katika kisukari cha namna ile sukari imejaa katika damu, lakini haiwezi kuingia katika chembe nyingi za mwili, kama mtu anayekufa njaa mlangoni mwa ghala lililojaa, ufunguo umepotea. Ufunguo huo ni insulini, na kazi ya kuitengeneza ni ya kongosho. Minkowski huyu huyu, akishirikiana na Joseph von Mering mjini Strasbourg mwaka wa 1889, alimtoa mbwa kongosho, na mbwa akapatwa na kisukari. Hapo ikajulikana kasoro iko wapi. Mwili usiopata sukari huamini kwamba kuna njaa, hata kama sahani imejaa wali. Basi huyafungulia mafuta yake kwa fujo, na ini likayageuza mafuta hayo kuwa ketoni bila ya kipimo, na kwa kuwa ketoni mbili kati ya tatu ni asidi, damu hugeuka kuwa chungu hata moyo na ubongo vikashindwa kuivumilia. Zile pumzi nzito za Kussmaul ni juhudi ya mwili kuitoa asidi hiyo kwa njia ya mapafu.

Mwezi Januari mwaka wa 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson alidungwa sindano ya dawa iliyotolewa katika kongosho la ng'ombe. Sindano ya kwanza, tarehe 11, haikufaa kitu cha maana. James Collip akaisafisha dawa ile, na tarehe 23 wakaanza tena. Safari hii sukari ilishuka, na ketoni zikatoweka katika mkojo wa kijana. Aliishi mpaka mwaka wa 1935. Ushindi ule wa Frederick Banting, Charles Best na wenzao ulikuwa mkubwa, nao ulistahili sifa zote uliopata. Lakini ulizidi kuwathibitishia watu kwamba ketoni ni adui, maana mgonjwa alipopona adui alikimbia.

Hata hivyo mashaka yalikwisha kuanza, nayo yalianzia kwa wagonjwa wa kifafa. Tangu zamani watu walijua kwamba mwenye kifafa akifunga kula kwa siku kadhaa, degedege zake hupungua. Jambo lenyewe ni kweli, lakini halikuwa na faida, kwa maana hakuna mtu awezaye kufunga maisha yake yote. Mwaka wa 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic, huko Minnesota, Marekani, alifikiri hivi: huenda si njaa yenyewe inayoleta nafuu, bali ni ketoni ambazo njaa huzizalisha, na kama ndivyo, mtu apewe chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo mno, ili ini litengeneze ketoni naye hali anakula. Watoto wakajaribiwa, na wengi wakapata nafuu. Mwaka wa 1938 ikapatikana dawa ya fenitoini, na kumeza kidonge kukawa rahisi kuliko kupima mafuta kwa mizani kila mlo, basi chakula kile kikasahauliwa mahali pengi. Hakikufa. Mwaka wa 2008 matabibu wa London walitangaza matokeo ya jaribio la watoto 145 ambao dawa zilishindwa kuwatuliza: kati ya waliopewa chakula kile, watoto 38 katika kila mia walipungukiwa na degedege kwa zaidi ya nusu, na kati ya wenzao waliongoja zamu, ni 6 tu katika mia.

Angalia basi jinsi mambo yalivyogongana. Kitu kimoja, mwaka mmoja wa 1921: mjini Toronto watu walikuwa mbioni kutafuta dawa ya kukiondoa, na huko Minnesota mtu mmoja akafikiri njia ya kukiongeza. Wala hapana aliyekosea.

Fumbo lenyewe lilifumbuliwa na hesabu ya njaa. Wataalamu waliamini kwamba ubongo hauli kitu ila sukari. Ubongo wa mtu mzima hutaka zaidi ya gramu 100 za sukari kwa siku. Akiba ya sukari iliyomo katika ini huisha kwa kiasi cha siku moja. Baada ya hapo, kama hapana chakula, mwili hauna budi kutengeneza sukari kutokana na nyama yake wenyewe, na kwa makisio ingetakiwa karibu kilo moja ya misuli kila siku. Piga hesabu, msomaji, kama tunavyowataka wanafunzi wapige: mtu wa namna hiyo hangeishi zaidi ya wiki mbili au tatu, maana hata misuli ya kupumulia ingekuwa imeliwa. Lakini Terence MacSwiney, meya wa mji wa Cork huko Ireland, aliyegoma kula katika gereza la Brixton mjini London, alifariki tarehe 25 Oktoba 1920 baada ya siku 74. Baadaye, mwaka wa 1981, Waireland kumi walikufa gerezani kwa mgomo kama huo, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa kabla ya siku 46. Hesabu ikisema siku ishirini na mtu akaishi sabini, kosa si la mtu. Kosa limo katika hesabu.

Aliyelikamata kosa hilo ni George Cahill wa Boston, pamoja na tabibu kijana wa wakati ule, Oliver Owen. Walichukua wagonjwa watatu wanene mno, waliokuwa hospitalini wakifunga kula kwa muda wa wiki tano hadi sita ili wapunguze uzito, wakipewa maji, chumvi na vitamini chini ya uangalizi. Wakaingiza mirija myembamba katika mishipa, mmoja mahali damu inapokwenda, mwingine shingoni mahali damu inapotoka ubongoni, wakalinganisha. Njia yao ni ile ya mlinzi wa lango anayehesabu magunia yaingiayo na yatokayo. Tofauti yake ndiyo iliyoliwa ndani. Matokeo waliyoyachapisha mwaka wa 1967 yaliwashangaza walimu wa utabibu. Ubongo wa wale watu ulikuwa ukila ketoni, na ketoni hizo zilikuwa zimechukua nafasi kubwa kuliko sukari, kiasi cha thuluthi mbili za chakula chake.

Kwa nini basi hawakufa kama watoto wa zamani wa kisukari? Jibu ni kipimo. Mtu aliyefunga kwa muda mrefu bado ana insulini kidogo, na hiyo kidogo yatosha kumzuia ini asifungulie mafuta kwa fujo. Ketoni zake hupanda mpaka mahali fulani zikatulia. Mgonjwa wa kisukari asiye na insulini hana kizuizi, na ketoni zake zaweza kupanda mara tatu au zaidi ya hizo. Ni mto mmoja, mmoja una kingo na mwingine hauna. Na hapa pana jambo dogo ambalo mimi hulipenda kuwaambia wanafunzi wangu: ini, ambalo ndilo hutengeneza ketoni, halina uwezo wa kuzila. Hupika na kuwapakulia wengine, moyo, misuli na ubongo, lenyewe likaishi kwa chakula kingine. Wala usidhani ni habari za wagomaji na wanene tu. Hata wewe, ukifunga tangu alfajiri hadi magharibi, ini lako huanza kupika, ijapokuwa kwa kiasi kidogo mno; na mtoto mchanga anyonyaye hutumia ketoni ubongoni mwake kila siku.

Sasa tuache njaa kwa kitambo, tufuate moyo.

Zamani moyo uliposimama, tabibu aliyetaka kuurudisha ilimbidi apasue kifua, aushike kwa mkono wake na kuukamua. Bila shaka jambo hilo halikuwezekana ila katika chumba cha upasuaji. Katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, mhandisi wa umeme aliyeitwa William Kouwenhoven alikuwa akichunguza jinsi mshtuko wa umeme unavyoweza kuutuliza moyo uliopoteza mpigo wake. Mwanafunzi wake, Guy Knickerbocker, aliona kitu ambacho angeweza kukipuuza: kila walipobandika vyuma vizito vya umeme juu ya kifua cha mbwa, hata kabla ya kuwasha umeme, shinikizo la damu lilipanda kidogo. Maana yake, kukandamiza kifua peke yake kulisukuma damu. Wakaingia kazini pamoja na daktari James Jude, na mwaka wa 1960 wakatangaza kwamba mikono miwili juu ya kifua yaweza kushika kazi ya moyo kwa muda. Kati ya wagonjwa wao 20 wa kwanza, 14 waliokoka. Katika mji huo huo Peter Safar, mzaliwa wa Vienna, alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba kumpulizia mtu pumzi mdomo kwa mdomo kwafaa kuliko njia zote za zamani za kuinua mikono na kubonyeza mgongo. Mafunzo hayo mawili yakaunganishwa, nayo ndiyo yanayofundishwa hata leo kwa skauti na wauguzi wetu.

Lakini ushindi huo ulifunua msiba mwingine. Mwaka wa 1966 binti yake Safar, Elizabeth, alipatwa na shambulio la pumu. Moyo wake na mapafu yake vilirudishwa. Ubongo wake haukurudi, akafa. Mtu aliyeufundisha ulimwengu kurudisha pumzi alikaa kando ya kitanda cha mwanawe, kifua kikipanda na kushuka, na ndani hamna mtu. Tangu hapo Safar alishikilia kwamba kufufua moyo ni nusu ya kazi, na kwamba neno ubongo halina budi kuingizwa katika jina lenyewe la elimu hiyo. Aliifanyia kazi hoja hiyo huko Pittsburgh mpaka alipofariki mwaka wa 2003. Msiba wake ni msiba wa nyumba nyingi: katika wale wanaofikishwa hospitalini mioyo yao ikiwa imerudi baada ya kusimama nje, sababu kubwa ya kufa kwao ni ubongo ulioharibika.

Hapa ndipo zile njia mbili, ya njaa na ya moyo, zinapokutana. Ungedhani kwamba ubongo uliokosa chakula, dawa yake ni kumiminiwa sukari nyingi. Mwaka wa 1977 Ronald Myers na Shoko Yamaguchi walichapisha habari za nyani ambao mioyo yao ilisimamishwa kwa makusudi. Wale waliotiwa sukari katika damu kabla ya moyo kusimamishwa walipata madhara makubwa zaidi ya ubongo kuliko wenzao wasiotiwa. Sababu yake ni kwamba pasipo oksijeni sukari huchomwa nusunusu, kama kuni mbichi, ikaacha asidi ya laktiki badala ya majivu. Tena hata oksijeni ikirudi, mambo hayatengenei mara moja. Ndani ya kila chembe mna vinu vidogo vinavyochoma chakula, na sukari ili iingie humo hupita katika lango moja lenye kimeng'enya chake maalumu. Lango hilo ni miongoni mwa vitu vinavyoharibika moyo unaposimama na damu inapofurika tena kwa ghafula. Sukari husongamana nje, vinu vina njaa. Ketoni hazipiti lango hilo. Zina mlango wao wa nyuma, nazo huingia kinuni moja kwa moja.

Ukisha kulifahamu hilo umefahamu kiini cha tumaini lote. Yapo na mengine: Richard Veech, aliyejifunza Oxford kwa Hans Krebs mashuhuri, alionyesha pamoja na wenzake katika miaka ya 1990 kwamba moyo wa panya ukilishwa ketoni hufanya kazi zaidi kwa kiasi kile kile cha oksijeni. Mwaka wa 2008 watafiti wa California walichapisha kwamba panya waliokuwa wakila chakula cha mafuta, kile cha Wilder, kabla ya mioyo yao kusimamishwa, waliponyoka na ule uozo wa chembe za ubongo uliowapata panya waliokula chakula cha kawaida. Na mwaka wa 2019, huko Aarhus, Denmark, wagonjwa 16 wenye mioyo dhaifu walitiwa ketoni kubwa kwa mshipa, na mioyo yao ikasukuma kiasi cha lita mbili zaidi za damu kwa dakika. Hao hawakuwa watu waliosimamiwa na moyo, bali walikuwa watu, si panya, na hilo lina uzito wake.

Huenda sasa wauliza, kama nilivyokwisha kuulizwa darasani: mbona basi hawapewi wagonjwa? Swali ni zuri, na jibu lake laweza kutufundisha kusoma habari za utabibu kwa akili iliyo macho.

Kwanza, panya wa California walikula chakula kile kabla ya ajali. Mwanadamu hajui siku ambayo moyo wake utasimama. Dawa ya kweli lazima itolewe baadaye, baada ya mikono kukandamiza kifua na damu kurudi, kwa mgonjwa asiyeweza kumeza. Na kinga iliyowekwa kabla si sawa na tiba inayokuja nyuma. Pili, mgonjwa wa namna hii damu yake imekwisha kuwa chungu kwa asidi ya laktiki. Ukimwongezea ketoni kwa umbo la asidi wamwongezea mzigo ule ule uliowaua watoto wa Kussmaul. Ukimpa kwa umbo la chumvi, wamjaza sodiamu. Veech na Kieran Clarke wa Oxford walitengeneza umbo la tatu, la esta, ambalo hunyweka, lakini limetengenezwa kwa mtu awezaye kunywa.

Tatu, nalo ndilo kubwa, wapo waliokwisha kupita njia hii wakiwa na tumaini mfano wa hili. Mwaka wa 2002 majaribio mawili, moja la Ulaya lenye wagonjwa 275 na moja la Melbourne lenye wagonjwa 77, yalionyesha kwamba kuupoza mwili wa mgonjwa baada ya moyo kurudi huokoa ubongo. Hospitali nyingi ulimwenguni zikafuata. Mwaka wa 2013 likaja jaribio la wagonjwa 950, likalinganisha digrii 33 na digrii 36, na hapakuonekana tofauti. Mwaka wa 2021 likaja kubwa zaidi, la wagonjwa wapatao 1,900, wengine wakapozwa mpaka digrii 33 na wengine wakazuiwa tu wasipate homa. Waliokufa walikaribia kulingana pande zote mbili. Kitu ambacho majaribio madogo yalikiona kama mlima, makubwa yalikikuta kichuguu. Si kwamba wale wa mwanzo walidanganya. Wagonjwa mia tatu waweza kukuonyesha jambo ambalo wagonjwa elfu mbili hulikanusha, kama vile kurusha sarafu mara kumi kusivyotosha kukuambia kama sarafu ile ni ya haki. Na tumaini la kupoza lilikuwa na ushahidi wa watu mia tatu na hamsini. Tumaini la ketoni kwa moyo uliosimama lina ushahidi wa panya. Ndiyo maana miongozo ya tiba haijaziweka ketoni miongoni mwa dawa za mgonjwa huyo.

Mimi naona kwamba kungoja huku si woga. Hata hivyo kuna ugumu mmoja ambao hauondolewi na hesabu. Ili dawa hii ijaribiwe kwa haki, lazima itolewe upesi, labda katika saa ya kwanza, nusu ya wagonjwa wapewe na nusu wasipewe, na anayechaguliwa achaguliwe kwa bahati nasibu. Mgonjwa mwenyewe hana fahamu, hawezi kuulizwa. Mke wake au kaka yake amesimama ukumbini, nguo zake zina vumbi la njiani, hajaelewa bado kama mtu wake yu hai. Daktari amwendee kwa maneno gani? Mahali pengine sheria humruhusu tabibu kuanza kwanza na kuomba ridhaa baadaye; mahali pengine haimruhusu. Na ikiwa dawa ile itadhuru badala ya kufaa, kama sukari ilivyowadhuru nyani wa Myers, nani atajibu?

Wakati hayo yakiendelea kujadiliwa, tabibu aliye kando ya kitanda hupima sukari ya mgonjwa wake mara kwa mara asiiache ipande mno wala ishuke mno, huzuia homa, huangalia oksijeni na shinikizo la damu, na hungoja siku tatu au zaidi kabla ya kusema neno lolote la mwisho juu ya ubongo ule. Na katika siku hizo, kama mgonjwa hajaanza kulishwa kwa mpira, ini lake kwa amri isiyotoka kwa daktari yeyote huwa limekwisha kuanza kupika.